Sentrifuji, kemikali au kolamu? Kuvuna vijifuko vya mkojo kwa anayefuatilia virusi kwenye figo

Ijumaa baada ya swala mpwa wangu alinikuta barazani Kibokoni, Mombasa, kikombe cha kahawa chungu mkononi, akanitolea karatasi tatu za bei. Anasoma uzamili na utafiti wake ni wa mkojo. Anataka kuvuna vile vijifuko vidogo ambavyo seli za figo huviachia kwenye mkojo, vimsaidie kujua kinachoumiza figo za watu wanaoishi na VVU. "Mjomba, pesa yangu inatosha njia moja tu. Sentrifuji ya kasi, kemikali ya kutuamisha, au kolamu?"

Sentrifuji ni mashine inayozungusha vichupa kwa kasi mpaka vizito vitue chini; hizo nyingine nitazieleza mbele. Nimeshinda maabara miaka mingi, na njia zote tatu zimewahi kunitoa jasho. Niliyomwambia ndiyo haya, nimeyapanga upya kidogo kwa faida ya mwenye swali kama lake. Nina upande wangu, wala sitauficha.

Vijifuko unavihitaji kweli?

Iko njia ya nne ambayo hakuna muuzaji atakayekutajia: kutovivuna kabisa.

Chukua virusi vya BK. Viligunduliwa London katika mkojo wa mtu aliyepandikizwa figo, ripoti ikatoka 1971, na hizo herufi mbili ni za jina la mgonjwa mwenyewe. Wengi wetu tuliambukizwa utotoni tusijue, na mpaka leo vimelala ndani ya figo zetu. Mtu akipandikizwa figo akapewa dawa za kushusha kinga, huamka. Hutokea kwanza kwenye mkojo, halafu kwenye damu, na asipobahatika huingia figo yenyewe aliyopewa. Mgonjwa huyo anahitaji PCR ya damu, kipimo kinachohesabu nakala za jeni za virusi. Kiwango kikipita nakala 10,000 kwa mililita moja ya plazima, daktari hushuku kwamba figo imeshavamiwa, na kwa kawaida hatua ya kwanza ni kupunguza zile dawa za kinga. Hapo kijifuko hakimwongezei daktari kitu. Watafiti wa Korea Kusini walipima mikroRNA za BK (vipande vifupi mno vya RNA) ndani ya vijifuko vya mkojo, wakachapisha 2017 kwamba zinasaidia kuwatambua ambao figo zao zimeshaathirika. Kazi nzuri, naiheshimu. Lakini kama kesho asubuhi una mgonjwa kitandani, tumia PCR.

Swali la mpwa wangu ni la aina nyingine. Wagonjwa wake wanameza kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kile ambacho kliniki zote wanakiita TLD. Tenofoviri, kwa baadhi ya watu, huumiza sehemu ya mwanzo ya mirija ya figo. VVU navyo vikiachwa bila dawa huvamia zaidi podosaiti, zile seli zinazoshikilia chujio la figo, na walio katika hatari kubwa ni waliorithi aina fulani za jeni ya APOL1. Dolutegraviri ina kisa chake: huzuia kwa kiasi figo kutoa kreatinini, ile taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, kwa hivyo kipimo cha damu hupanda kidogo na figo haijaguswa. Kreatinini ikipanda, basi, washukiwa ni watatu na mmoja wao hana hatia. Biopsi, yaani kunyofoa kipande kidogo cha figo kikachunguzwe, ingemaliza ubishi, lakini ni sindano ndefu mgongoni, na hakuna anayeidunga kwa kila mgonjwa aliyepanda kidogo.

Hapo ndipo vijifuko vinapopata kazi. Mwaka 2004 kundi la Mark Knepper huko Bethesda, Marekani, lilionyesha kwamba mkojo wa mtu mzima una vijifuko vyenye protini kutoka kila sehemu ya nefroni, kile kitengo kidogo cha figo chenye chujio na mirija yake. Chujio la figo nzima haliruhusu vijifuko vya damu kupita kwa wingi, kwa hivyo vinavyoelea kwenye mkojo ni vya wenyeji wa mle ndani: figo, mirija, kibofu, na kwa wanaume tezi dume. Kila kimoja kimebeba anwani ya kwao. Chenye podosini kimetoka kwenye podosaiti. Chenye megalini kimetoka mwanzo wa mirija, pale tenofoviri inapouma. Chenye akwaporini 2 kimetoka mwisho kabisa, kwenye mirija ya kukusanya mkojo.

Kigezo changu cha kuchagua kimejengwa juu ya hilo. Natafuta njia inayoziacha anwani zisomeke. Wingi wa kilichobaki chini ya kichupa haunishughulishi.

Chicha iliyomo kwenye tui

Kabla ya kulinganisha njia, mjue adui wa zote. Mkojo umejaa protini iitwayo uromodulini, inayotengenezwa na figo zenyewe, na ndiyo nyingi kuliko zote kwenye mkojo wa mtu mzima mwenye afya. Hujisuka nyuzi ndefu, nyuzi zikawa wavu, na wavu ukanasa vijifuko. Aliyewahi kukamua nazi kwa kifumbu ataelewa: ukikamua ovyo, nusu ya tui inabaki kwenye chicha.

Nyuzi hizi zina historia inayomhusu mtu wa virusi. Igor Tamm na Frank Horsfall wa New York walizitambua 1950 walipokuwa wakichunguza kitu kilichomo kwenye mkojo kinachozuia virusi vya mafua kugandisha chembe za damu. Kwa hiyo usishangae wavu huo ukinasa virusi pamoja na vijifuko. Wengi huongeza DTT, kemikali ya kukata vifungo vya salfa, nyuzi zikaachana. Inafanya kazi, ila hukata pia vifungo ndani ya protini nyingine, na kuna kingamwili za maabara ambazo hazitaitambua tena protini yake. Ijaribu kwanza na kingamwili zako kabla ya kuitia kwenye sampuli zote.

Kemikali: rahisi, na ndiyo iliyoniaibisha

Kemikali ya kutuamisha mara nyingi ni polietilini glaikoli au jamaa yake. Unaichanganya na mkojo, unalaza usiku kwenye friji, asubuhi unazungusha kwa sentrifuji ya kawaida na mashapo yako tayari. Haihitaji mashine ya pekee wala fundi, na unaweza kufanya sampuli ishirini kwa mpigo. Kwa anayetaka RNA tu, na amejiwekea vidhibiti vizuri, si njia ya kudharau.

Mara ya kwanza nilipoitumia nilifurahi kama mtoto wa Idi. Chini ya kichupa palikaa mashapo meupe, mazito, yananata kwenye ncha ya pipeti kama tui la kwanza. Nikaita wenzangu waje watazame. Tulipoyapitisha kwenye jeli, inayopanga protini kwa ukubwa, mstari mmoja mnene ulimeza njia nzima, palepale uromodulini inapokaa, na protini za vijifuko zilikuwa kivuli tu. Nilikuwa nimevuna wavu, samaki wachache mno. Nilikuwa nimeruka hatua ya DTT kwa haraka zangu mwenyewe, na kosa hilo simtwishi mtu.

Ubaya wa pili unamgusa zaidi mtu wa virusi. Polietilini glaikoli ni ileile ambayo wataalamu wa virusi wameitumia miaka na miaka kutuamisha virusi. Haichagui. Kijifuko, kirusi, wavu wa uromodulini, vyote vinashuka pamoja. Ukisema kirusi kimo ndani ya kijifuko kwa sababu umevikuta kwenye mashapo mamoja, ni sawa na kusema abiria wote wa feri ya Likoni ni jamaa kwa sababu wameshuka pamoja. Tena mabaki ya kemikali hii huchafua spektrometa ya masi, kwa hiyo anayetaka kupima protini kwa mashine hiyo aiache.

Sentrifuji ya kasi: heshima kubwa, stima nyingi

Njia ya wakongwe ndiyo hii. Unaanza taratibu kuondoa seli, unapanda kuondoa vipande vikubwa, halafu 100,000 g hadi 200,000 g kwa saa moja au zaidi. (g moja ni nguvu ya mvutano wa dunia. Andika g, usiandike mizunguko kwa dakika. Mizunguko bila kipenyo cha rota haimwambii msomaji kitu.) Faida yake ni kwamba inameza mkojo mwingi, haikuongezei kemikali ngeni, na tafiti nyingi za kujilinganisha nazo zimeitumia.

Lakini angalia tulipo. Swali la kwanza Mombasa si "mashine iko?" Uliza rota ilikaguliwa lini, nani ana ruhusa ya kuigusa, na stima ikikatika katikati ya mzunguko itakuwaje. Vichupa visipolingana uzito hata kidogo mashine hugoma, na hilo ni heri kuliko isipogoma. Rota moja hubeba vichupa sita au nane, ukizungusha mara mbili siku imekwisha. Mwenye sampuli mia moja na ishirini apige hesabu mwenyewe. Wengine hupakia mkojo kwenye barafu kavu wakaupeleka Nairobi kwa treni. Saa tano au sita za njiani si tatizo. Tatizo ni sanduku kukaa stesheni likingoja mtu mwenye funguo.

Na hata baada ya gharama yote hiyo, uromodulini inashuka na vijifuko, na mashapo yaliyobanwa kwa nguvu hiyo hushikana mabonge, kuyatawanya tena ni kazi.

Kolamu: vichochoro vya Mji wa Kale

Kolamu ni bomba dogo lililojaa punje laini zenye vitundu. Unamimina sampuli juu, unakusanya matone chini, kichupa baada ya kichupa. Ajabu yake ni kwamba vikubwa hutoka kwanza. Fikiria lori na mkokoteni vimeondoka pamoja. Lori haliwezi kuingia vichochoro vya Mji wa Kale, litafuata Digo Road moja kwa moja. Mkokoteni utaingia kila kichochoro, utasimama kila mlango, utatokea jioni. Vijifuko ni malori, protini zilizo huru ni mikokoteni. Punje ziitwazo Sefarosi CL-2B zina vitundu vya nanomita 75 hivi, kwa hiyo vijifuko vingi vinapita nje.

Hii haihitaji hata kununua kolamu iliyo tayari. Mwaka 2014 watafiti wa Amsterdam walichapisha ya kwao: sirinji ya plastiki ya mililita 10, kipande cha soksi ya nailoni ya kike kimezibwa kwenye ncha, punje juu yake. Walikusanya nusu mililita kwa kila kichupa, na vijifuko vikatoka hasa kwenye kichupa cha 9 hadi cha 12. Mpwa wangu alicheka aliposikia soksi. Nikamwambia aicheke akishaijaribu.

Aibu yake nayo ipo. Kolamu hupokea tone dogo, mililita moja au moja na nusu, na wewe una mililita 50 za mkojo. Lazima uupunguze kwanza kwa kichujio cha kilodaltoni 100 (hubakiza vyenye uzito unaozidi huo) kwenye sentrifuji ya kawaida, na baadhi ya vijifuko vitagandia kwenye utando wa kichujio. Na uromodulini iliyojisuka nyuzi ndefu nayo ni lori, itapita njia ileile. Kolamu haikuondolei kazi ya DTT, inapunguza tu uchafu mwingine. Mazao yake ni machache kuliko ya kemikali, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Mimi napenda kidogo kinachosomeka.

Onyo moja kwa mtu wa PCR: kolamu nyingi zinaoshwa na kutumika tena. Kwa protini sina neno. Kwa kutafuta jeni za virusi, kila mgonjwa na kolamu yake, la sivyo utampata mgonjwa wa tano na virusi vya mgonjwa wa nne.

Kirusi na kijifuko, nani ni nani?

Hapa ndipo panapomtofautisha anayefuata BK na anayefuata VVU.

BK ni kidogo, nanomita 40 na kitu, hakina utando wa mafuta, na ni kizito: msongamano wake ni kama gramu 1.34 kwa mililita, wakati vijifuko huelea kati ya 1.10 na 1.19. Ukitandaza matabaka ya iodiksano (dawa ileile wanayochomwa watu kabla ya picha za X-ray), kirusi kilicho peke yake na kijifuko vitakaa mbalimbali. Kwenye kolamu pia, kwa ukubwa wake, hutarajiwa kuchelewa nyuma ya vijifuko. Na kuna jaribio la bei rahisi ninalolipenda: tia sabuni ya maabara, halafu kimeng'enya cha kula DNA, ndipo ufanye PCR. Sabuni hupasua kijifuko lakini ganda la protini la BK hustahimili. Ila kumbuka BK pia husafiri vikiwa vimepakiwa ndani ya vijifuko, kundi zima kwa safari moja. Watafiti wa Ufaransa walilionyesha hilo 2020. Kwa hiyo ukivikuta pamoja usidhani moja kwa moja kuwa ni uchafu.

VVU ni mtihani mgumu zaidi. Ukubwa wake ni nanomita 100 na ziada, msongamano 1.16 hadi 1.18, amevaa utando alioukata kwenye seli ileile, na hata kutoka kwenye seli hutumia mitambo ileile inayotengeneza vijifuko. Kemikali haitavitenganisha, sentrifuji haitavitenganisha, kolamu haitavitenganisha. Sabuni nayo itavipasua vyote. Iodiksano ikitumiwa kwa kufuata mwendo wa kushuka husaidia, kwa mwenye subira na sentrifuji ya kasi.

Mpwa wangu alinyong'onyea aliposikia hayo. Nikamuuliza: wagonjwa wako wanameza dawa vizuri? Wengi, ndiyo, virusi havionekani kwenye damu. Basi kirusi kizima kwenye mkojo wao hukitarajii kwa wingi wa kukusumbua. Kinachoweza kubaki ni protini za VVU zilizopakiwa kwenye vijifuko, jambo ambalo watafiti wa Marekani waliripoti kuliona kwenye mkojo 2018. Fumbo kubwa la njia zote tatu, kwa kundi lake, si kubwa sana. Lingekuwa kubwa kama angechukua wagonjwa wapya kabla hawajaanza dawa.

Kabla ya kuchagua, friza

Tofauti kati ya njia hizi tatu ni ndogo kuliko tofauti kati ya friza nzuri na mbaya. Ilipimwa na kuchapishwa 2006: mkojo uliowekwa -20 hupoteza sehemu kubwa ya vijifuko, uliowekwa -80 huvirudisha karibu vyote, mradi ukishayeyuka uutikise kwa nguvu hasa. Wengi hawatikisi. Vijifuko vinabaki vimegandia kwenye mashapo na ukuta wa chupa, wao wanaandika kwamba mgonjwa hana.

Na joto letu je? Mtu anayeshinda juani akipakua mizigo huwa na mkojo mzito, kijiko kimoja chake ni kikombe cha mtu aliyekaa kwenye feni. Ramadhani ndiyo zaidi: mkojo wa alasiri na mkojo wa baada ya daku haulinganishiki, hata ukiwa wa mtu mmoja. Chukua mkojo wa pili wa asubuhi, saa ileile kwa wote, pima kreatinini ya mkojo na ugawe hesabu zako kwayo. Ikiwezekana usikusanye mwezi huo kabisa. Seli ziondolewe kwa 2,000 g ndani ya saa chache, chupa ikae kwenye barafu njia nzima, na wanaume wajulikane ni wangapi, kwa ajili ya ile tezi.

Nilimchagulia nini

Kolamu, na DTT ndogo kabla yake, baada ya kuijaribu na kingamwili za podosini na megalini. Sampuli tano kati ya zote azipeleke kwenye sentrifuji ya kasi ya watu, kwa ajili ya mwamuzi wa jarida atakayeuliza. Kemikali nilimwambia aiache, isipokuwa siku moja akitaka mikroRNA peke yake kwa watu wengi kwa haraka. Angekuwa anafuata BK kwenye figo za kupandikizwa, ningemwambia kolamu vilevile, na iodiksano juu. Angekuwa daktari wa kliniki, nisingemuuzia kitu.

Jumatatu jioni akapiga simu. Punje amepata, soksi amenunua Marikiti, mwenye duka akamuuliza mbona moja tu. Friza ya -80 amepewa nusu ya rafu. Chupa za mililita 50 ngapi zitaingia? Nikamwambia asigandishe chupa nzima, agawe mililita kumi kumi ili asiyeyushe mara mbili, na aandike majina kabla vichupa havijapoa, maana wino haushiki kwenye plastiki yenye barafu.